Maswali ya Wasomaji: Kamera ya Mtumba, Kadi Bandia na Lenzi Yenye Kuvu

*Ndugu wahariri, napiga picha za harusi na kwanjula (sherehe za utambulisho kabla ya ndoa) hapa Tororo kwa kamera ya kuazima. Nimeweka akiba ninunue Canon 5D Mark III ya mtumba Kampala. Muuzaji anasema imetumika kidogo tu. Nitahakikishaje? – Msomaji, Tororo*

"Imetumika kidogo" ni maneno ya muuzaji. Kamera yenyewe hupimika, na kuipima ni kazi ya nusu saa. Nenda mchana, ukiwa na memori kadi yako iliyo tupu, tochi ya simu, kompyuta ndogo, waya wa USB na gazeti.

Mikwaruzo ya rangi isikutishe, hiyo ni alama ya kazi. Kagua skrubu. Vichwa vyake vikiwa vimelika, kamera imeshafunguliwa na fundi. Uliza ilifunguliwa kwa sababu gani. Mulika tochi ndani ya mlango wa kadi. Kamera hii ina nafasi mbili za aina mbili za kadi, CF na SD, na ile ya CF ina pini nyembamba ambazo lazima zote ziwe zimenyooka. Pini moja iliyopinda huharibu kadi utakayoichomeka.

Kisha shata, yaani mapazia yanayofunguka na kufungwa kila unapopiga picha. Canon waliikadiria 5D Mark III kwa mizunguko 150,000. Nikon nyingi huandika hesabu hiyo ndani ya kila picha, kwa hiyo picha moja ya JPEG isiyohaririwa inatosha kuisoma. Canon za aina hii haziiandiki humo, ndiyo maana unahitaji waya na programu ya kusoma hesabu kwenye kompyuta. Isakinishe nyumbani kabla hujasafiri. Namba 150,000 si siku ya kufa: ziko shata zinazoivuka, ziko zinazokatika mapema. Lakini kamera iliyofika 120,000 isiuzwe kwa bei ya iliyofika 40,000. Ulizia kwa fundi gharama ya kubadilisha shata, uiondoe kwenye bei wakati wa kupatana.

Hesabu pekee haitoshi. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, weka kasi ya 1/8000, elekeza kwenye anga lenye mwanga (usilielekee jua lenyewe) na ufyatue mara 10. Ukiona upande mmoja wa picha una utepe mweusi au giza linaloingia taratibu, mapazia ya shata hayaendi sawa. Hapo rudi nyumbani na pesa zako.

Sasa sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha. Weka f/16 (tundu dogo la lenzi), ISO 100 (kamera ihisi mwanga kwa kiasi kidogo), zima fokasi ya otomatiki, zungusha lenzi mpaka anga iwe imefifia kabisa, piga, kisha kuza picha kwenye kompyuta uikague pembe hadi pembe. Vidoa vya kijivu ni vumbi, na vumbi husafishika. Mkwaruzo hausafishiki. Muuzaji akisema ni vumbi tu, aisafishe mbele yako upige tena; kilichobaki palepale si vumbi. Halafu funika lenzi, weka ISO 1600 na sekunde 1. Nukta chache za rangi ni kawaida, mstari mzima si kawaida.

Kwa fokasi, tandaza gazeti mezani, simama kwa mshazari, lenga mstari mmoja wa maandishi huku tundu la lenzi likiwa wazi kabisa. Mstari uliolenga ndio unaopaswa kuwa mkali. Ukikuta mkali ni ule wa mbele au wa nyuma yake, kosa dogo hurekebishwa ndani ya menyu ya kamera hii, kosa kubwa linahitaji fundi. Usisahau kuchomeka flashi na kuiwasha mara kadhaa ukiitikisa kidogo: kamera za harusi hulegea mahali hapo kuliko popote.

Mwisho, namba ya kamera. Imeandikwa chini ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi), na Canon huiandika pia ndani ya taarifa za picha. Zikitofautiana, usinunue. Dukani dai risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato. Kwa mtu binafsi andikianeni makubaliano yenye namba hiyo na namba ya kitambulisho chake cha taifa, na ulipe kwa simu ili malipo yaache alama.

Na tafadhali usimalize akiba yote kwenye bodi. Tenga fedha za betri ya pili ya LP-E6, kadi mbili nzuri na flashi. Kwenye mahema ya kwanjula flashi itakusaidia kuliko bodi mpya. Angalizo moja: ukiielekeza juu kwenye hema la njano au la buluu, mwanga unarudi na rangi ya kitambaa na nyuso za watu zinachafuka. Elekeza juu pale tu hema ni jeupe. Kwingine tumia mwavuli mweupe au kadi nyeupe ya kuakisi.

*Nilinunua memori kadi ya GB 256 kwa bei nafuu. Kwenye sherehe nilipiga picha zaidi ya 2,000. Majina ya mafaili yote yapo, ila nusu hayafunguki. Nifanyeje, wazee wangu? – Msomaji, Arua*

Pole sana. Dalili hizo ni za kadi bandia. Ndani kuna chipu ndogo, tuseme ya GB 32, iliyodanganywa ijitangaze kuwa 256. Ikishajaa 32 za kweli, kamera inaendelea kuandika bila kulalamika, lakini data inapotea hewani au inaandikwa juu ya picha za awali. Majina hubaki kwa sababu orodha ya mafaili iko mwanzoni mwa kadi, kwenye sehemu iliyo hai.

Itoe kwenye kamera sasa hivi, wala usiifomati. Pakua PhotoRec, programu ya bure, uisome kadi ukihifadhi kinachopatikana kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo. Zilizoandikwa kupita uwezo halisi wa chipu hazirudi kwa fundi yeyote, kwa hiyo usimlipe anayekuahidi zote.

Kuanzia leo kila kadi mpya ipimwe kabla ya kazi. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Mac na Linux tumia F3. Zote ni bure. Hujaza kadi hadi mwisho kisha huisoma yote upya. Kadi ya GB 128 inayoandika MB 80 kwa sekunde huchukua kama dakika 27 kujazwa, na muda usiopishana sana kusomwa. Ifanyie kazi hiyo ndani ya siku ambazo duka bado linakubali kurudishiwa.

Unaponunua, soma alama badala ya maneno makubwa. V30 ina maana kadi haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde, V60 ni 60, V90 ni 90. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inahitaji MB 12.5 tu, hivyo V30 inaimudu vizuri. Tungependa pia uwe na kadi mbili za GB 64 kuliko moja kubwa, ili ikifa moja usipoteze sherehe nzima.

*Nina Nikon D5600. Nimenunua lenzi ya AF 50mm f/1.8D, inaingia vizuri lakini haifokasi yenyewe. Ni mbovu? – Msomaji, Mbale*

Haina ubovu. Lenzi nyingi za Nikon zenye herufi D, yako ikiwemo, hazina mota. Zinazungushwa na mota iliyo ndani ya bodi, na familia za D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Unaweza kufokasi kwa mkono ukifuata nukta ya kijani ndani ya kitazamio, ila kwa watu wanaocheza ngoma utachoka. Badilishana upate AF-S 50mm f/1.8G, au AF-S DX 35mm f/1.8G, ambayo kwenye bodi yako huona kama 52mm na inafaa zaidi vyumba vidogo.

*Naishi Jinja karibu na ziwa. Ndani ya lenzi yangu kumeota nyuzi kama utando wa buibui. – Msomaji, Jinja*

Hiyo ni kuvu, na unyevu ndio unaoilisha. Ikiwa juu ya kioo cha mbele, kitambaa laini na dawa ya kusafishia lenzi vitaiondoa. Ikiwa ndani, mpelekee fundi mapema: ikikaa inakula rangi ya kinga ya kioo, na alama hiyo haitoki hata kuvu ikishakufa.

Acha kuhifadhi vifaa ndani ya mfuko wa ngozi kabatini, kwani ngozi hushika unyevu. Nunua kopo la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, weka ndani yake silika jeli (punje zinazofyonza unyevu) na kifaa kidogo cha kupimia unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Chini ya 30 si vizuri, grisi ya lenzi hukauka. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwa joto la digrii 120 kwa saa 2 hivi, ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, uirudishe. Na kabla ya kununua lenzi yoyote ya mtumba, fungua tundu lake, mulika tochi upande mmoja uangalie kutoka upande wa pili.

*Shangazi yangu aliye Marekani ananitumia taa za studio. Pia naomba mnielekeze nijifunze wapi mtandaoni bila kulipa. – Msomaji, Kasese*

Kabla shangazi hajalipa, mwombe apige picha ya kibandiko cha umeme kwenye taa. Umeme wetu ni volti 240. Kibandiko kikisema 100–240V, unahitaji adapta ya plagi tu. Kikisema 110–120V, taa itaungua siku ya kwanza. Na transfoma ndogo ya redio haisaidii, kwa sababu flashi ya studio huvuta umeme mwingi kwa mkupuo inapojichaji. Kwa umeme unaokatika, flashi ya betri kama Godox AD200 ina faida: inakadiriwa kutoa miale 500 ya nguvu kamili kwa chaji moja. Akija nayo kwa ndege, betri za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la chini. Kodi ya VAT ya asilimia 18 inahesabiwa kwenye bidhaa iingiayo, kwa hiyo atunze risiti.

Kwa masomo, anza na kitabu cha maelekezo cha kamera yako; Canon, Nikon na Sony wote wanaviweka bure kwenye tovuti zao. Kipakue mara moja ili usile bando kila siku. Tovuti ya Cambridge in Colour inaeleza tundu, kasi na ISO kwa michoro safi. Mihadhara ya Marc Levoy, aliyefundisha Stanford, ipo bure na inafaa anayetaka kujua kwa nini. DPReview, iliyoanza 1998, ina ukurasa wa kulinganisha kamera mbili kwa ISO ileile. Uutumie kabla ya kusikiliza mtu yeyote anayesifu kamera yake. Bei za mtumba zilinganishe kwa MPB na KEH, maduka ya mtandaoni ya vifaa vya mtumba, ambao hupanga kila kifaa kwa daraja la hali yake.

Usiishie kwa wageni. Pitia picha zilizoshinda Uganda Press Photo Award, uone wenzako wa hapa wanavyotumia jua letu la ikweta, na albamu za zamani ambazo History in Progress Uganda imezikusanya. Kuhariri faili za RAW (picha ghafi ambazo kamera haijazichakata) tumia darktable au RawTherapee. Zote ni bure na hazihitaji intaneti ukishazisakinisha. Chagua moja tu uishike kwa miezi 3.