Wasomaji Wauliza: Makaburi ya Kale kwenye Vilima vya Chaki

*Mwanangu anasoma Uingereza, na Disemba nakwenda kumtazama. Nasikia Wiltshire kuna makaburi ya kale yaliyofukiwa chini ya matuta makubwa. Nina siku moja tu. Niende wapi? – Mama, Kisauni*

Mama, nenda kijiji cha Avebury. Panda treni Paddington, London, hadi Swindon, mwendo wa kama saa moja, kisha basi namba 49 hadi kijijini. Kabla ya kushuka muulize dereva basi la mwisho la kurudi linapita saa ngapi. Huku kwetu magharibi huingia saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Kule Disemba jua huzama karibu saa kumi jioni, na giza likikukuta juu kilimani hakuna taa hata moja. Basi fika mapema asubuhi.

Kutoka kijijini hadi West Kennet ni kama kilomita mbili na nusu kwa miguu, sehemu ya mwisho ikiwa ya kupanda. Kaburi hilo ni tuta la urefu wa mita 100, lililojengwa yapata mwaka 3650 KK. Upande wa mashariki mna ujia wa mawe wenye vyumba vitano, na humo yalipatikana mabaki ya watu wasiopungua 36, wakubwa kwa wadogo. Kuingia ni bure. Chukua tochi, na ujue kwamba sakafu hushika maji baada ya mvua. Njiani utapita Silbury, kilima kikubwa cha kujengwa kwa mikono. Hicho wamekichimba mara kadhaa wasipate maiti, na kukipanda ni marufuku.

Chaki ni jamaa ya mawe yetu ya matumbawe: nayo ni masalia ya viumbe vya baharini, ila ni laini na hunywa maji. Kwa hiyo kule juu hakuna kijito. Beba lita moja ya maji kwa kila mtu. Ikilowa, chaki huteleza kama sabuni, kwa sababu uso wake hugeuka uji mzito unaojaza meno ya soli. Vaa buti zenye meno marefu yaliyoachana, na koti la kuzuia upepo, maana miti ni michache.

*Nilikwenda mwaka jana na ramani iliyoandikwa “Tumulus” kila mahali. Mara mbili nilifika nikakuta shamba tupu. Nilikosea wapi? – Msomaji, Changamwe*

Hukukosea. Neno hilo maana yake ni tuta la kaburi, na ramani huliandika kwa herufi za mapambo za kizamani. Lakini matuta mengi yamelimwa kwa plau miaka na miaka hadi yakalala sawa na shamba. Kwa Avebury tumia ramani ya Explorer 157, ambayo sentimita 4 ni kilomita moja. Chagua matuta yaliyo kwenye malisho au kando ya njia yenye vistari vya kijani, ambayo kila mtu ana haki ya kupita.

Ukifika, usihangaike na kilele. Tafuta handaki, yaani mtaro unaolizunguka tuta. Wajenzi walichimba duara, wakarundika chaki katikati. Tuta likiwa jipya lilikuwa jeupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Leo kila kitu kimefunikwa na nyasi, lakini sungura akichimba tundu ubavuni, kifusi chake hutoka cheupe, chembechembe kama muhogo uliosagwa vibaya. Matuta haya ya duara ni ya baadaye kuliko West Kennet, mengi yakiwa ya kati ya 2200 na 1500 KK, na yana maumbo yake. Kuna lililo kama bakuli lililofudikizwa. Kuna lenye ukingo bapa kati ya tuta na handaki. Na kuna lile linalopendeza kuliko yote, duara pana bapa lenye kituta kidogo katikati, mithili ya sinia lililobakia tonge moja la wali. Hilo la mwisho mtu hulipita bila kuliona jua likiwa juu. Ndiyo sababu Disemba, pamoja na baridi yake, ni mwezi mzuri: hata saa sita mchana jua huwa nyuzi 15 tu juu ya upeo, na kivuli hujaa ndani ya handaki.

Vichuguu vya kufika magotini si makaburi. Ni vya sisimizi wadogo wa manjano wa kule, na vikiwa vingi ni dalili kwamba ardhi hiyo haijalimwa kwa muda mrefu.

*Je, ni adabu kukanyaga juu? – Msomaji, Mji wa Kale*

Adabu ya makaburini uliyolelewa nayo inatosha: zunguka chini, usipande. Udongo juu ya chaki ni mwembamba sana. Nyasi zikikatika, mvua huila chaki iliyo wazi na shimo hukua. Ndani ya West Kennet usiwashe mshumaa, kwani moshi hutia masizi na moto hupasua jiwe. Usiokote kitu. Kutumia mashine ya kutafutia vitu vya metali ardhini kwenye eneo lililohifadhiwa bila kibali ni kosa chini ya sheria ya mwaka 1979. Ukitaka kuona dhahabu iliyotoka kaburi la Bush Barrow, lililochimbwa 1808 karibu na duara la mawe ya kale la Stonehenge, iko makumbusho ya Devizes, na basi lile lile la 49 linafika huko.

*Naenda Agosti na watoto. Kuna wadudu? – Baba, Likoni*

Kupe. Wengine hubeba ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria. Chomekeni suruali ndani ya soksi, na jioni kagua nyuma ya magoti, kinenani na kwenye nywele za watoto. Ukimkuta, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta juu moja kwa moja bila kuzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma. Upele mwekundu unaotanuka ukitokea siku chache hadi wiki kadhaa baadaye, mkiwa mmesharudi Mombasa, mwambie daktari mlikokwenda na kwamba kulikuwa na kupe, maana usipomtajia huenda asiufikirie ugonjwa huo.