Kwa Wapatanishi Wapya wa Migogoro ya Mazingira Mombasa

Vijana wangu, mwezi huu nimewaona tena mkiitisha kikao cha upatanishi saa nne asubuhi siku ya bamvua, na kwa kuwa nawapenda na nataka mdumu katika kazi hii, nitasema wazi.

1. Someni maji kabla ya kusoma faili. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya hapa hukupwa sana kwenye saa nne hivi, na huo ndio wakati wanawake wanaotafuta chaza kwenye mizizi ya mikoko huwa kazini. Katika mgogoro mmoja wa hori ya Tudor, mpatanishi mchanga, mwenye bidii kuliko wengi wenu, alimkutanisha mwenye kiwanja aliyefukia sehemu ya mikoko na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, pamoja na wazee wa mtaa. Kufikia adhuhuri saini zilikuwa zimetiwa: njia ya mitumbwi ingeachwa wazi, na mwenye kiwanja angegharimia miche mipya. Viti vilikuwa vinakunjwa wanawake walipopanda kutoka horini, matope hadi magotini, ndoo mikononi. Mmoja aliitazama ramani kwa muda mrefu, akaweka kidole pale palipotiwa rangi ya kijani, akasema, "Mwanangu, hapa ndipo tunapopita, nanyi mnataka kupapanda miti." Hakuna aliyekuwa na jibu. Miche iling'olewa kabla ya masika kwisha, na kesi ikarudi Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikiwa na uchungu kuliko ilivyotoka.

2. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010, kinachozitaka mahakama zihimize upatanishi, kisomeni chote, pamoja na mipaka ambayo 159(3) inaziwekea njia za jadi za kutatua migogoro.

3. Kesi ikiwa tayari mahakamani, makubaliano yapelekeni yaidhinishwe yawe amri.

4. Si kila mgogoro ni wa kupatanishwa. Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, walidhuriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka wa 2020, rufaa ikaibatilisha, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mkiletewa faili la namna hiyo, saidieni pande zote zikubaliane ni nani atakayepima udongo na matokeo yatasomwa wapi, lakini haki ya mazingira safi iliyo katika Kifungu cha 42 msiiweke mezani.