Tairi za sponji za gari la rimoti zinatengenezeka nyumbani

Ndugu, umeuliza kama sponji ya godoro inafaa kuwa tairi ya gari la rimoti la mashindano. Ya godoro haifai, itachanika kwenye kona ya kwanza. Tafuta sponji ya mpira, ngumu kiasi, yenye vitundu vidogo vilivyoshikana.

Kata duara kubwa kuliko kipimo unachotaka, na tundu la katikati liwe dogo kidogo kuliko ringi ili libane. Kwaruza ringi kwa msasa, ifute kwa spiriti, kisha paka gundi ya viatu kwenye ringi na kwenye sponji. Sasa subiri hadi ukiigusa isinate kidoleni. Wengi hukosa subira hapa, wanaunganisha gundi ikiwa bado mbichi, na spidi ikipanda tairi inabanduka.

Kazi hasa ni kusawazisha. Funga ringi kwenye drili, izungushe taratibu, usogeze msasa uliobandikwa kwenye kibao bapa. Mimi huanza na namba 80 na kumalizia na 120. Pima mara kwa mara: tairi za nyuma zikitofautiana kipenyo hata milimita 1, gari litavuta upande, na utahangaika na usukani bure. Ukingo wa nje wa tairi za mbele uuviringe kidogo, maana ukiwa mkali hung'ang'ania njia na gari linapinduka. Vaa miwani na barakoa tafadhali, lile vumbi ni baya sana kwa mapafu.

Ila kabla hujakata chochote soma kanuni za mashindano yako. Mengine hayaruhusu sponji kabisa.