Ile galaksi ya CEERS-93316 ilikwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naifuatilia darubini ya James Webb tangu picha zake za kwanza, Julai 2022. Muda mfupi baadaye nilisoma kwamba imeonekana galaksi iitwayo CEERS-93316, ya tangu ulimwengu una miaka milioni 235 tu. Nikawasimulia wanangu. Sasa binti yangu anaitafuta kwenye orodha ya galaksi za kale zaidi, haimo. Walitudanganya? Na hizi zinazotangazwa leo tuziamini kwa lipi?
Baba Rehema, Muheza

JIBU: Marahaba, Baba Rehema. Hawakudanganya. Galaksi ipo palepale, kilichobadilika ni umri wake, na kisa hiki huwasimulia kidato cha nne kila mwaka kwa sababu ndicho kinachoonyesha kazi hii inavyofanyika.

Hidrojeni iliyomo na iliyoizunguka galaksi changa humeza nuru ya urujuanimno, ile isiyoonekana iliyo ng'ambo ya zambarau, yenye mawimbi mafupi kuliko mikroni 0.1216 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nuru hukatika ghafla hapo. Ikiwa njiani kuja kwetu ulimwengu unatanuka, mawimbi yanarefuka, na ule mkato unasogea hadi kwenye infraredi, nuru isiyoonekana iliyo ng'ambo ya nyekundu. Kwa hiyo kamera ya Webb, NIRCam, hupiga eneo moja kwa vichujio mbalimbali. Galaksi inayoonekana kwenye vichujio vya mawimbi marefu na kutoweka kwenye vya mafupi, hiyo hudhaniwa iko mbali sana. Hudhaniwa tu! Picha peke yake hutoa makadirio, na magazeti hulisahau neno hilo upesi mno.

Mradi wa CEERS, ulioipiga picha sehemu ya anga yenye galaksi hiyo, chini ya Steven Finkelstein wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, uliweka data zake wazi papo hapo, mtu yeyote azichukue. Napenda sana uwazi huo. Ndio uliofanya madai yamiminike majira yale, na ndio uliofanya yakaguliwe haraka.

Machi 2023 Webb ililielekea tena eneo lile, safari hii kwa NIRSpec, chombo kinachoitawanya nuru kuwa spektra, yaani utepe wa rangi ambamo kila elementi huacha mistari yake. CEERS-93316 ikakutwa na mistari mikali ya oksijeni na hidrojeni. Mistari hiyo ilikuwa imeangukia kwenye vichujio vilevile vya mawimbi marefu na kuving'arisha, huku vumbi likififisha mawimbi mafupi, na kwa pamoja vikaiga mkato usiokuwepo. Nuru yake ilitoka ulimwengu ukiwa na miaka kama bilioni 1.2. Katika uchunguzi huohuo, galaksi ya Maisie, ambayo Finkelstein aliipa jina la binti yake, ilithibitika kuwa ya miaka milioni 390 baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu. Moja ikaanguka, nyingine ikasimama, kwa kipimo kilekile.

Basi ukisoma tangazo, uliza kwanza: wana spektra? Galaksi ya JADES-GS-z14-0, ya miaka milioni 290 baada ya Mlipuko Mkuu, wanayo, na mwaka 2025 darubini za ALMA huko Chile zikagundua oksijeni ndani yake. MoM-z14, iliyotangazwa 2025, ya miaka milioni 280 baada ya Mlipuko huo, nayo inayo. Hizo wasimulie watoto bila wasiwasi. Inayotegemea rangi za vichujio peke yake, waambie bado inasubiri kupimwa.

Eneo la CEERS liko karibu na mkia wa Dubu Mkubwa, kundi la nyota la kaskazini. Kutoka Muheza, jioni za Mei na Juni, tazameni kaskazini, chini kidogo. Galaksi hamtaziona kwa macho, lakini Rehema atajua Webb ilielekea wapi.

Na kama anapenda kufuatilia mwenyewe, taasisi inayoiendesha Webb kutoka Baltimore, Space Telescope Science Institute, hutoa ratiba ya kila wiki: darubini itatazama nini, na kwa chombo gani. Akiona NIRSpec imepangiwa eneo la galaksi za mbali, hapo ndipo pa kuweka alama na kusubiri.