Maswali ya Wasomaji: Mawe, Mpaka na Chukudu za Goma

SWALI: Mheshimiwa mhariri, nilihamia Goma kutoka Bukavu miaka miwili iliyopita. Ninaishi Ndosho, na kila asubuhi ninapanda pikipiki hadi Birere ninakouza vitenge, kisha jioni ninarudi kwa njia ileile. Juzi motari alipita njia za ndani ili kukwepa msongamano, nikaona nyumba ambayo mlango wake wa zamani umezama ardhini, umebaki mstari wa juu tu, na watu wanaingilia dirishani palipogeuzwa kuwa mlango. Hapo nikatambua kwamba mji huu siujui. Nianzie wapi nikitaka kuujua kwa miguu? Mipaka yake iko wapi hasa? Na chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, bado zina kazi katika mji uliojaa pikipiki? – Mama mfanyabiashara, Ndosho.

JIBU: Mama, asante kwa barua yako. Anzia kwenye nyumba hiyohiyo, kwa maana imebeba sehemu kubwa ya majibu unayoyatafuta. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka, lava ikateremka, ikafunika kipande cha kaskazini cha njia ya ndege, ikakata katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila makao. Jiwe lilipopoa halikuwa la kuondolewa kwa mikono, kwa hiyo watu walirudi, wakapima upya viwanja vyao juu yake na kujenga, na barabara zikapitishwa mahali ambapo chini yake kuna vyumba vya watu. Ndiyo sababu katika mitaa mingine unajikuta unapanda kidogo ingawa huoni kilima: umepanda juu ya mgongo wa lava.

Ningekushauri uchague Jumapili asubuhi, uanzie upande wa uwanja wa ndege na kuteremka polepole kuelekea ziwa, ukiangalia chini zaidi kuliko mbele. Vaa viatu vya soli nene. Jiwe la lava lina vitundu kama mkate, lakini kingo zake hukata mpira wa kiatu kama wembe. Angalia pia kuta za viwanja, kwa sababu nyingi zimejengwa kwa mawe yaleyale yaliyobomoa kuta za kwanza, nawe utawakuta wanaoyavunja kwa nyundo, chungu ya kokoto ikiwa pembeni ikisubiri mnunuzi. Kwangu mimi hakuna kona ya Goma inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko hiyo, na inanisikitisha kwamba wengi tunaipita tukiwa tumeinamisha kichwa nyuma ya motari ili tukwepe vumbi.

Kuhusu mipaka, kwenye karatasi mji una komini mbili, yaani sehemu mbili za utawala, Goma na Karisimbi, zenye mitaa 18 kwa jumla. Ndosho yako iko Karisimbi. Upande wa kaskazini mji unagusana na wilaya ya Nyiragongo, na huko nyumba hazikatiki hata ujue umevuka. Lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilikuja kusimama Buhene, mlangoni kabisa mwa mji.

Mpaka wa mashariki, ule wa Rwanda, una historia unayoikanyaga kila siku ukiwa Birere, kando ya mpaka huo. Mwaka 1910 Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikubaliana huko Brussels kuhusu mistari ya eneo hili. Goma ikabaki kwa Wabelgiji, na Gisenyi, mji jirani wa upande wa Rwanda, kwa Wajerumani. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani Rwanda, na tangu hapo hadi miaka ya uhuru, 1960 kwa Kongo na 1962 kwa Rwanda, pande zote mbili zilikuwa chini ya bwana mmoja. Miji hiyo ilikua ikitazamana huku mstari kati yake ukiwa mwepesi, na ndiyo maana leo Barrière Ndogo, kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu, inapitisha akina mama wenye mabeseni ya mboga kichwani, wengi wao wakienda na kurudi siku hiyohiyo.

Upande wa magharibi, Himbi, Keshero na kuelekea Lac Vert, utapenda ziwa lile dogo la kijani lililokaa ndani ya kreta. Lakini hapa nakusihi uwe mwangalifu, mama. Usiteremke kwenye mashimo na mabonde madogo yaliyoachwa bila nyumba, hasa alfajiri na usiku pasipo upepo. Huko hukusanyika mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na ambayo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hulala chini kama maji kwenye bakuli. Haionekani. Ukiona ndege, panya au mbuzi amekufa bila jeraha, rudi ulikotoka, na kama una mtoto mbebe juu, kwa kuwa anayetembea chini ndiye hupatwa kwanza. Waulize wenyeji, maana wanajua shimo kwa shimo.

Na chukudu? Zina kazi, ingawa si kama zamani. Pikipiki imemchukua abiria, na pikipiki za magurudumu matatu zinaendelea kuchukua mizigo ya mjini. Lakini nenda asubuhi kwenye barabara inayotoka Kibumba, utaelewa kwa nini chombo hiki cha mbao hakijafa. Kibumba iko juu, Goma iko chini. Mteremko ndio injini, na hauhitaji mafuta. Utamwona kijana amepiga goti moja kwenye ubao wenye kipande cha sponji, mguu mwingine uko tayari kusukuma, magunia ya viazi na kabichi yamefungwa mbele yake, na magurudumu ya mti yamevishwa mpira wa tairi kuukuu. Kazi ngumu ni ya kurudi, kwa maana jioni huisukuma mlimani kwa mikono. Ukimkuta wakati huo, mpishe njia na umsalimie.