Mafundi Wanajibu: Taa za LED kwenye Pikapu za Zamani

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Pikapu yangu ni Land Rover 109, nimeifungia taa za nyuma za LED za duara. Kila taa ina waya tatu: mweusi, mwekundu na mweupe. Pakiti haikuwa na maelezo. Indiketa bado ni za globu. Upande wa kushoto taa inawaka kwa ukali usiku na nikikanyaga breki haibadiliki. Upande wa kulia taa ndogo (ile ya usiku) hufifia kila indiketa inapopiga. Je, nimeuziwa feki?
*Dereva, Mikindani*

JIBU: Taa zako ni nzima, ndugu yetu. Una makosa mawili, na kila upande una lake.

Kushoto umepishanisha waya. Taa hizi zina mwanga hafifu wa usiku na mwanga mkali wa breki. Waya wa mwanga mkali ukiungwa kwenye waya wa gari wa taa ndogo, gari huonekana limeshika breki safari nzima, na aliye nyuma yako hana namna ya kujua unasimama. Usiendeshe usiku kabla ya kurekebisha.

Rangi za waya za taa hizi hubadilika kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo zipime. Chukua betri ya volti 12, weka fyuzi ya ampea 2 kwenye waya wa chanya, shika mweusi kwenye hasi, kisha gusisha waya nyingine mbili, mmoja baada ya mwingine. Unaowaka kwa ukali ni wa breki. Hakuna unaowaka? Geuza: LED haiwaki ikiungwa kinyume. Kwa upande wa gari, waya za kiwandani ni mwekundu kwa taa ndogo, kijani chenye mstari wa zambarau kwa breki, na mweusi kwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Lakini gari la umri huo limeshapita mikononi mwa mafundi wengi, kwa hiyo hakikisha kwa testa: washa taa ndogo uone waya upi una umeme, zima, washa swichi ya gari, mtu akanyage breki, upime tena.

Jambo moja la kutazama kabla ya yote: je, ncha ipi ya betri imefungwa kwenye chasi? Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 nyingi zilitoka na chanya kwenye chasi. Kama yako ni hivyo, taa zenye bodi ya chuma iliyoungana na waya mweusi usizifunge kabisa, zitapiga shoti. Maelezo yanayofuata ni ya gari lenye hasi kwenye chasi.

Sasa kulia. Hiyo ni ethi mbovu, na ndiyo inayosumbua pikapu nyingi za pwani yetu. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, bolti zake ni za chuma. Hewa ya chumvi ikiingia panapokutana metali hizo mbili, alumini huliwa na kuacha unga mweupe usiopitisha umeme vizuri. Globu ya indiketa ya wati 21 na taa yako ya LED zinarudisha umeme kupitia bolti hizo hizo. Ukinzani wa omu 2 tu hapo unakula karibu volti 2.7 indiketa inapowaka, na LED inabaki na volti 9 na kitu. Ndiyo maana inafifia kwa kufuata mapigo ya indiketa.

Usihangaike kukaza skrubu za bodi. Toa kwanza waya hasi wa betri, kisha vuta waya mweusi wa milimita mraba 1.5 kutoka kila taa, pamoja na indiketa, hadi sehemu moja ya chasi. Piga msasa mpaka chuma king'ae, funga kichwa cha waya cha duara kwa bolti ya milimita 6 na washa (kipete cha chuma cha chini ya nati) yenye meno, kaza, ndipo upake grisi na rangi juu yake. Maungio yasiwe ya kusokota na kufunga tepu. Kwa joto la Mtwara gundi ya tepu huyeyuka na vumbi la korosho na chumvi huingia. Chomelea kwa risasi, kisha vika mpira unaonywea ukipashwa moto.

Rudisha betri, washa kila kitu, upime kwa multimita kati ya waya mweusi wa taa na hasi ya betri. Ikisoma chini ya volti 0.2, kazi ni safi. Ikizidi 0.5, kagua pia waya mnene unaotoka betri kwenda kwenye chasi.

SWALI: Pikapu yangu ni ya Kijapani ya miaka ya 1970. Nimeweka LED kwenye indiketa zote nne. Zinapiga harakaharaka, na nikiwasha upande mmoja pande zote mbili zinapiga. Dashibodi ina taa moja tu ya indiketa.
*Msomaji, Masasi*

JIBU: Flasha (kifaa kinachopigisha indiketa) ya zamani hutegemea umeme mwingi wa globu, LED zinakula kidogo mno, nayo inadhani globu imeungua. Nunua flasha ya kielektroniki ya LED yenye miguu sawa na yako. Kama ina waya mwembamba wa ziada, huo ni wa ethi. Wapo wanaofunga rezista (vizuizi vya kula umeme badala ya globu) za omu 6, wati 50. Zinafanya kazi, lakini gari likichaji kila moja hutoa joto la wati 30 hivi inapowaka na inaweza kuyeyusha plastiki. Hatuzipendekezi.

Pande zote kupiga kunatokana na ile taa ya dashibodi. Imeungwa kati ya kushoto na kulia, na upande uliolala ndio ethi yake. Umeme mdogo unaopita hapo unatosha kuwasha LED. Nunua dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) mbili za 1N4007. Ncha zenye mstari ziunge pamoja kwenye taa ya dashibodi. Ncha nyingine, moja kwenye waya wa kushoto, moja wa kulia. Mguu wa pili wa taa hiyo upeleke kwenye ethi.

SWALI: LED nyeupe ndani ya kioo chekundu inaonekana hafifu kuliko globu. Kwa nini?
*Msomaji, Nachingwea*

JIBU: Mwanga wa LED nyeupe una wekundu mchache, na kioo kinazuia mwingine wote. Weka LED nyekundu kwenye kioo chekundu, ya rangi ya chungwa kwenye indiketa, na chagua zenye vidonge vya mwanga pembeni ili kikombe cha taa nacho kiwake. Ila kama taa yako ina kidirisha cheupe cha kumulika namba ya gari, LED nyekundu itaipaka namba wekundu. Hapo funga taa nyeupe ya peke yake juu ya namba.