Maswali ya Wafugaji: Kivuli cha Kuku Uani

SWALI: Assalamu alaikum. Ninafuga kuku wa kienyeji nyumbani, nje kidogo ya Chake Chake. Nina mitetea 8, jimbi mmoja na koo mwenye vifaranga. Tulipojenga nyumba tuliikata miti yote ya uani, ukabaki mnazi mmoja tu. Jua la kaskazi likipamba moto, kuku hujibanza ukutani wakitweta midomo wazi, na katika vifaranga 12 kunguru wameshachukua 7. Mume wangu anataka kuezeka mabati juu ya ua wote. Je, hakuna mimea ambayo ingetufaa badala ya mabati hayo?

JAWABU: Wa alaikumu salaam, bibi. Mwombe bwana ayaweke kando mabati kwanza, kwa sababu bati lisilo na dari likipigwa na jua la mchana hushusha joto juu ya migongo ya kuku, ilhali jani hutoa unyevu na kuipoza hewa iliyo chini yake. Kuku hana jasho. Joto la mwili wake ni kiasi cha nyuzi 41, na hulipunguza kwa kutweta, kwa kuachanisha mbawa na kwa damu inayopita katika upanga wake wa kichwani, kwa hiyo ukiwaona wote wanatweta pamoja, ujue wameshaanza kuelemewa.

Asili ya kuku wetu ni ndege wa mwituni huko kusini na kusini-mashariki mwa Asia, ambaye mchana hupekua ardhi chini ya vichaka na usiku hupanda mtini kulala. Tumemfuga kwa maelfu ya miaka, lakini hofu yake ya mahali peupe haikumtoka. Mwache katika ua mtupu, naye atashinda ukutani kama mgeni aliyekosa pa kukaa, na majani na wadudu walio katikati ya ua hatawagusa. Ndiyo maana ninasema kuwa kivuli na ulinzi ni jambo moja: kichaka kinachompoza kuku ndicho kinachomzuia mwewe asishuke.

Kwa kuwa wewe una haja ya haraka, anza na chanja. Simamisha miti minne, ifunge fito juu kwa urefu wa kifua, kisha pandisha mamumunye au madodoki, ambayo mvua ikiwa nzuri hutandaa katika miezi miwili au mitatu. Pesheni huchelewa zaidi lakini hudumu. Huku chanja ikikupa nafasi ya kuvuta pumzi, panda migomba upande wa jua la alasiri, na baina yake weka mashina ya mchaichai, ambayo majani yake huinama na kufanya mapango madogo wanamoweza kuingia vifaranga lakini si kunguru. (Na chai yako ya asubuhi itakuwa imepata kiungo.) Kwa miaka ya mbele, panda mpera, mstafeli na mdimu. Mdimu ninaupenda hasa kwa miiba yake, kwani sijaona mwewe anayejitosa ndani yake kwa hiari.

Usiipange mimea hii mstari mmoja ukutani. Itawanye mafungu mafungu, ili kifaranga popote alipo asiwe mbali na kimbilio zaidi ya hatua tano au sita. Kisha matawi ya chini yapogolewe mpaka usawa wa goti, ili kuku apite, upepo upite, na udongo ukauke baada ya mvua. Kichaka kilichofumbana hadi ardhini hufuga wanyama kama cheche na nyoka, na penye majimaji yasiyokauka minyoo huzidi na vifaranga huanza kuharisha damu. Makopo na vifuu vinavyotuama maji viondolewe pia, kwa sababu mbu huchukua ndui ya kuku kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kuku huua kile kinachomhifadhi. Mche mchanga ukiachwa wazi hupekuliwa mizizi kwa siku moja. Zungushia kila shina mawe makubwa, au lifunike kwa tenga bovu mpaka likomae. Ukitaka uzio ulio hai, vipande vya mglirisidia vikichomekwa mwanzoni mwa masika hushika vizuri, ila majani yake ni malisho ya mbuzi na ng'ombe, usiwakatie kuku. Mbono kaburi na mbarika usiipande kabisa mahali wanapopekua, kwa kuwa mbegu zake ni sumu.

Ama kunguru, huyo si wa kwetu kwa asili. Aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na mpaka leo huvutwa na taka, kwa hiyo matumbo ya samaki yanayotupwa uani ni mwaliko kwake. Yafukie. Vifaranga waliobaki wafunike pamoja na koo wao chini ya tenga kubwa au dema kuukuu, penye kivuli, kwa wiki nne au tano za mwanzo, na maji yawekwe hapo hapo. Kuku mkubwa hunywa kiasi cha robo lita kwa siku, na wakati wa joto huzidisha, hivyo chombo cha maji kikikaa juani umemnyima kinywaji, maana maji ya moto hayanywi.

Haya yote ni ya mchana. Usiku hakuna kichaka kinachotosha, kwa sababu ngawa huwinda wakati huo. Banda dogo la makuti, lililoinuliwa nusu mita kutoka ardhini, lenye eneo la mita 3 za mraba na vijiti vya kulalia vyenye nafasi ya sentimita 20 kwa kila kuku, litawatosha hao ulio nao. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie moja kwa moja, na mlango usitazame kusi.

SWALI: Mtetea wangu hutaga chini ya mkilua ulio nyuma ya nyumba, na mayai huyapata watoto au huozea huko. Nimfanyeje? (Msomaji wa Mwera, Unguja)

JAWABU: Mtetea wako hana kosa, bwana, amepata mahali penye giza na faragha, na pengine bandani kwako hakuna pahala pa namna hiyo. Tundika pakacha katika pembe yenye giza zaidi, tia majani makavu ya mgomba, acha yai moja ndani yake, na kwa wiki moja usifungue banda mpaka saa nne asubuhi, kwa kuwa kuku wengi hutaga asubuhi. Mayai utakayoyakuta mkiluani yatie katika maji: linaloelea litupwe. Ukimkuta ameshaanza kuyaatamia, usimsumbue mchana. Mhamishe usiku pamoja na mayai yake, kisha hesabu siku 21 tangu alipoanza kulalia.

SWALI: Jirani yangu husema kuwa kuku wanaoshinda chini ya mwarobaini hawapati kideri. Je, ni kweli? (Msomaji wa Wete, Pemba)

JAWABU: Si kweli. Mwarobaini ni mti mzuri wa kivuli, na majani yake makavu yakichanganywa na majivu pale wanapooga vumbi husaidia kupunguza chawa na utitiri. Lakini kideri ni ugonjwa wa virusi, na hakuna mti unaouzuia wala dawa inayouponya. Kinga yake ni chanjo. Ile ya matone huwekwa tone moja katika jicho la kila kuku asiye mgonjwa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kuku aliyekwisha kuugua haimfai tena. Zungumza na bwana mifugo wa shehia yako, na ikiwezekana majirani mchanje siku moja, kwa kuwa kuku wa kienyeji hawajui mpaka wa ua. Siku hiyo ikishapangwa, wafunge bandani tangu magharibi ya usiku uliotangulia, maana ukishakuwa na vichaka nilivyovieleza hapo juu, kumkamata kuku mmoja aliyeingia humo ni kazi ya asubuhi nzima.